Barabara Isiyo na Pa Kupandia

Bayou Citron,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Louisiana.

Jumapili, 20 Oktoba 2013

Mpendwa Binamu Lucien,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye chumvi na mbu. Hujambo huko Duluth? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Nasikia ziwa lenu huganda mpaka watu wanaendesha magari juu yake. Sijui ni wazimu gani huo, lakini kama umeuzoea, haya. Unakula vizuri? Usinijibu kwamba unakula mkate wa siagi, kwa sababu hicho si chakula, huko ni kulidanganya tumbo.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikikaribia, nami nimeshalikubali kama mtabiri wangu wa hali ya hewa. Binti yangu Noémie bado anafundisha shule ya msingi kule mjini. Mjomba wako Ozémé ametimiza miaka themanini na minne mwezi wa Agosti, na bado anashona nyavu za vijana wenye macho mazuri kuliko yake. Msimu wa kuvua kamba weupe si mbaya. Sufuria ya mchuzi wa gumbo haijakauka, kwa hiyo hatulalamiki.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Miaka mitano, Lucien. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa kwenye mashine anayeniambia niache ujumbe nimemzoea kama jirani. Sasa nimeona nitumie karatasi.

Jambo lenyewe ni hili, na nalisema mapema usije ukasoma nusu ukaweka pembeni. Wanajenga barabara mpya ya kukimbilia vimbunga, kutoka pwani hadi kaskazini, barabara ya juu ya nguzo ambayo maji hayaifikii. Itapita hapa kwetu, nyuma ya banda la kamba. Lakini haina pa kupandia hapa. Watu wa pwani ya chini wataipanda kule kwao, watatupita juu ya vichwa vyetu, na sisi tutabaki na barabara yetu ile ile inayozama. Tunapigania tuwekewe njia ya kupandia, na tumebakiwa na siku ishirini na sita. Kinachotakiwa sasa ni maandishi yako wewe. Ya mtu mwingine hayafai, na nitakueleza kwa nini.

Nianze na kosa letu wenyewe, maana lilikuwepo. Mwezi wa Mei walitangaza mkutano wa kwanza wa wananchi. Wakauweka wiki ya pili ya msimu wa kamba wa kahawia, siku ya kazi, kwenye ukumbi wa shule iliyo mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Ukitaka mkutano usiokuja mtu wa Bayou Citron, huwezi kuupanga vizuri zaidi ya hapo. Tukaenda. Watu sitini na watatu, nimewahesabu mwenyewe. Watu waliziacha mashua zimefungwa, huku kamba wakijipitia majini.

Mlangoni palikuwa na meza, na msichana mwenye tabasamu, na karatasi ndefu ya kuandika majina, na sahani ya biskuti. Watu sitini na watatu waliizunguka ile karatasi kama wanamzunguka nyoka. Biskuti zilikwisha zote, karatasi haikupata hata jina moja letu. Msichana wa watu alikuwa anatuambia, "Ni jina tu jamani, jina tu," na kila akisema hivyo ndivyo tulivyozidi kukaza mikono mifukoni.

Na mimi sikuandika. Umelelewa kwetu, umesikia mara ngapi habari za babu na wale mabwana waliokuja na karatasi. Walimwambia ni ruhusa tu ya kupita kutega wanyama wa manyoya. Akatia alama yake ya msalaba, kumbe ameuza ardhi yote mpaka kwenye maji ya chumvi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwetu jina ni la kuitiwa chakula, si la kuwaandikia wageni. Mjomba wako hata cheti cha ndoa alikigomea mpaka padri alipotishia kwenda zake na bibi harusi ameshasimama.

Basi tukaingia, tukasimama mbele ya ramani zao, tukasema yote. Tulisema kwa Kifaransa chetu, tukasema kwa Kiingereza, tukaonyesha kwa kidole. Tukawaambia lile tuta wanalotaka kulijaza udongo kule mwanzo wa daraja litayazuia maji yasitoke upande wetu, na miti michache ya mialoni iliyobaki hai itakufa kwa chumvi. Tukawaambia tunataka pa kupandia. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu nzuri. Tukarudi nyumbani tumeshiba biskuti, tukiamini tumesikika.

Septemba kitabu kikatoka. Wanakiita rasimu ya tathmini ya mazingira, kurasa mia nne na kumi na mbili, na nakala moja imewekwa maktaba. Noémie akaniletea ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Unasema hivi: mkutano wa Mei ulihudhuriwa na watu sita. Noémie akafuatilia sita hao walioandika majina mlangoni ni akina nani. Wanne ni watu wa kampuni yenyewe iliyoandika kitabu, mmoja ni dereva wao, na wa sita ni mwandishi wa gazeti. Chini yake wameandika kwamba wakazi wa Bayou Citron hawakuonyesha haja ya njia ya kupandia, na kwa hiyo imeondolewa kwenye mchoro.

Ngoja, hujasikia. Ukurasa wa tisini na sita wamehesabu viota vya korongo kwenye kinamasi chetu. Arobaini na kimoja. Sina ugomvi na korongo, ni majirani zangu na hawasengenyi. Lakini hakuna korongo aliyeandika jina mlangoni, na bado wamewahesabu mpaka kiota cha mwisho.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikataka niende na ile nakala nikawatupie mezani kwao. Noémie akaniambia nitulie, kwamba rasimu maana yake bado haijafungwa, kwamba utakuwepo mkutano wa pili Oktoba, na sheria inawalazimisha kujibu maoni yote yaliyoandikwa na kutiwa saini. Saini. Tukawa tumerudi pale pale.

Unajua hakuna mtu hapa angeshika kalamu kabla ya mjomba wako. Nikamfuata bandani, nikamkuta na nyavu magotini.

"Baba Mkubwa, safari hii itabidi tutie saini."

"Kimeandikwa nini humo?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo waliyomwambia baba yangu. Nisomeeni."

"Chote? Kurasa mia nne?"

"Kwani una safari?"

Wiki tatu, Lucien. Noémie akitoka shuleni anakuja bandani moja kwa moja, anasoma Kiingereza, anageuza Kifaransa, na mzee anashona. Watu wakaanza kuja kusikiliza, wakageuza makreti ya samaki kuwa viti. Alisomewa habari za tope, za kelele, za aina za nyasi. Kwenye nyasi alibishana nao. Walisema upande wa mashariki wa mfereji kuna nyasi fulani zinazoshikilia ardhi, yeye akasema hizo zilikufa zamani na wao wametazama ramani badala ya kuteremka kwenye mashua. Tukaenda kuangalia. Hakuna hata jani moja, maji matupu. Tukaliandika hilo pia.

Kisha tukafika ukurasa wa mia na themanini na saba. Nakunukulia: hakuna kumbukumbu ya kifo chochote kwenye barabara iliyopo wakati wa watu kuhama kwa ajili ya kimbunga.

Mzee akasema, "Rudia." Noémie akarudia. "Rudia tena." Alipomaliza mara ya tatu mjomba wako aliweka sindano ya nyavu chini. Akauliza, "Na dada yangu alifia wapi? Jikoni?"

Noémie alihangaika siku mbili nzima na simu mpaka akajua ilivyokuwa. Cheti cha kifo cha mama yako kiliandikwa kule hospitali ya kaskazini, wilaya nyingine kabisa, na sababu imeandikwa ni moyo. Kwa karatasi zao Shangazi Aurélie alifia kitandani huko. Sisi tunajua alifia kwenye kiti cha mbele cha gari lako, barabarani, maji yakiwa yameshafika milangoni. Hapa hakuna asiyejua, lakini tunachokijua sisi hakimo kitabuni.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumanne iliyopita, ukumbi ule ule. Safari hii hatukugusa biskuti. Walikuwa na mwenyekiti mwenye tai ya buluu, na mhandisi kijana anaitwa Bi. Pruitt, na taa ndogo mezani: kila mtu dakika tatu, taa nyekundu ikiwaka ukae. Sasa dakika tatu kwa watu wetu ni kitu gani, wakati mtu hawezi kusema jambo kabla hajasema yeye ni wa nani? Mzee Valsin wa kule darajani alikuwa bado yuko kwa bibi yake mzaa mama taa ilipowaka. Mwenyekiti akamwonyesha taa. Valsin akasema, "Hizo taa nyekundu ni za mashua, bwana. Mimi nimesimama nchi kavu." Akaendelea mpaka akafika kwa wajukuu.

Nami nilisema. Niliwauliza, tuliokaa mbele yenu usiku wa leo ni sita? Hesabuni tena, tunaweza kuwangoja. Sikumaliza hata dakika mbili.

Kisha akaitwa mjomba wako. Hakuanza na ukoo, na hapo watu wote wakajua ana hasira. Akasema dada yake alikufa kwenye barabara yao na anataka iandikwe, na anataka pa kupandia, na hayo tu. Akaomba karatasi. Bi. Pruitt akamletea na kalamu.

"Binti, mimi sijui kusoma. Alama yangu ni msalaba. Alama ya mtu kama mimi si inataka mashahidi wawili?"

"Ndiyo, mzee. Mtu yeyote mzima anafaa."

"Nakuchagua wewe. Na yule bwana mwenye tai."

Mwenyekiti akajichekesha kidogo. "Mzee wangu, mimi naendesha mkutano. Haitafaa."

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia."

"Na utaniona nikitia alama?"

"Nitakuona, lakini..."

"Basi wewe ni shahidi. Njoo. Usiiogope karatasi, baba yangu aliambiwa haina madhara."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Bi. Pruitt naye akainamisha uso. Mzee akatia msalaba wake taratibu, mkubwa, kama anaupima. Bi. Pruitt akaandika jina lake mwenyewe chini. Mwenyekiti akatazama kulia, akatazama kushoto, akaja, akaandika la kwake. Miaka yote wao ndio wametutaka tutie saini karatasi zao, na Jumanne wao walitutilia saini karatasi yetu. Baada ya hapo watu walipanga foleni kufika kwenye ile meza. Maoni sabini na moja, kila moja na jina kamili, na mengine yalikuwa marefu kuliko walivyopenda. Wayajibu sasa, wana kazi mpaka Krismasi.

Walipokuwa wanakunja ramani Bi. Pruitt alinifuata. Aliniambia wazi kwamba maneno ya mzee yanaonyesha uchungu lakini hayabadilishi ukurasa wa mia na themanini na saba, kwa sababu mzee hakuwepo kwenye gari. Wanahitaji maelezo ya aliyekuwepo: jina, tarehe, saa, mahali. Kitabu kikikubali kwamba mtu amekufa kwenye barabara hii, hawataweza kusema tena kwamba inatutosha, na itabidi njia ya kupandia irudishwe mezani ijadiliwe upya. Hakuniahidi zaidi ya hapo, na nilimheshimu kwa kutoniahidi. Mwisho wa kupokea ni tarehe 15 Novemba.

Ndiyo maana ni wewe.

Sasa Lucien, kuna jambo langu na wewe ambalo halihusu mkutano wowote. Siku ya mazishi, jeneza likiwa mbele yetu, nilisema ungeondoka mapema mama yako angekuwa hai. Nilisema kwa sauti na watu wakasikia. Nilisema ulikuwa unafunga mashua wakati ulipaswa kuwa barabarani. Wiki iliyofuata ukaondoka, na mimi nikajifanya sijui sababu. Nimejifanya kwa miaka mitano.

Mjomba wako alipotusomesha kile kitabu hakukubali turuke hata majedwali ya nyuma. Ukurasa wa mia tatu na themanini na nane kuna vipimo vya maji vya siku ile ya kimbunga, saa kwa saa, vya kile kipimo kilichopo penye kona ya chini ya barabara yetu. Noémie alivisoma kama anasali rozari, mimi nikiwa karibu kusinzia, mpaka mzee akasema simama hapo. Nimevinakili kwa mkono wangu hapa ili uvione: barabara ilifunikwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Amri ya kuhama ilitolewa saa kumi na mbili. Wewe uliondoka saa moja.

Hesabu mwenyewe. Hata ungewasha gari dakika ile ile redio iliposema tuondoke, ungeyakuta maji pale yakiwa na dakika hamsini. Waliotuambia tuondoke walituambia tupite barabara ambayo tayari haikuwepo. Ule muda wa kufunga mashua, ambao umeubeba mpaka huko Duluth, haukumuua mama yako. Mimi nilikosea. Nilikosea mbele ya watu, na Jumapili hii baada ya misa nimesimama mbele ya watu wale wale nikasema nilikosea. Sasa nakuambia wewe: nilikuonea, binamu, na naumia.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata unisamehe, hilo ni lako na utalifanya ukitaka. Ninakuomba uandike. Ndani ya bahasha hii kuna fomu, na bahasha nyingine yenye stempu na anwani yao. Andika jina lake kamili, Aurélie Solet Parfait, miaka sitini na minane. Andika saa mliyoondoka na mahali gari lilipozimika. Andika alisema nini, kama alisema kitu, na muda uliokaa naye kabla helikopta haijawaona ikawapeleka kule hospitali. Hati ikiwa mbaya, iwe mbaya. Ukilowesha karatasi, iache ikauke uipeleke hivyo hivyo.

Na wakikataa hata baada ya hayo, tutarudi kwenye mkutano wa tatu, na wa nne, na Valsin tutampa dakika za watu kumi. Nyumba yangu ina miguu mirefu ya nguzo na mimi sina pa kwenda. Sihami ili ramani yao ipate kupendeza.

Noémie anakusalimu sana, anasema ana picha za shule atakutumia. Valsin anakusalimu, anauliza kama ni kweli mnatoboa barafu ndio mpate samaki, na kama ni kweli, anawahurumia samaki na nyie. Mashua yako ipo, imefungwa pale pale ulipoifunga, naipaka rangi kila mwaka na usiniulize kwa nini.

Mjomba wako hajatuma maneno mengi. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akamaliza kufunga fundo la wavu, kisha akasema, "Mwambie mimi nimemwandikisha dada yangu kama mtu aliyeletewa habari. Yeye ndiye aliyemshika."

Mungu akukinge na baridi hiyo, auelekeze mkono wako kwenye kalamu, na akurudishie usingizi tuliokunyang'anya.

Mimi wako nikupendaye, na jina langu lote nimeliweka,

Clélie Marie Solet